Ile Barua Pepe Niliisoma Mimi

Joubert Park, Jumamosi jioni

Lindiwe mwanangu,

Salamu tumepeana tangu asubuhi, na hali yangu umeiona mwenyewe mezani wakati wa chakula, kwa hiyo hayo nayaruka. Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako Yeoville na umesema utarudi saa mbili. Nina saa moja na nusu. Baba yako yuko sebuleni na mpira wake. Timu yake ikikosa goli ananiita, "Mama Lindi, njoo uone upuuzi huu!" nami namjibu kwamba naandika.

"Unaandika nini?"

"Barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu anayesafiri."

Akapunguza sauti ya televisheni. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake alichokiokota Morogoro ujanani na ambacho mpaka leo anakitamka kama Kizulu, "Basi mwambie avae vizuri. Kule kuna upepo."

Nimekuambia. Agizo lingine la nguo hutaliona humu. Kupika unajua, kufua unajua, na watu wa kuwaogopa barabarani umewajua tangu shule.

Naandika Kiswahili nikijua utasoma polepole, ukichezesha midomo kama ulivyofanya darasa la pili. Ndivyo ninavyotaka. Kiingereza changu ni cha kujazia fomu, na kwa lugha hiyo ningeweza kukwepa. Nina jambo ambalo nikilikwepa leo sitalisema tena. Linahusu barua pepe ya kazi ya Cape Town, na zile siku nne ilizokaa kwenye kompyuta yetu bila kujibiwa. Nitafika huko. Kwanza nikusimulie harusi moja, maana nisipoanza na harusi utadhani nilichofanya mwezi uliopita kilikuwa cha mara ya kwanza.

Wewe huwaambia watu kwamba mama yako alijifunza kazi ya video peke yake, nami nakuacha useme hivyo kwa sababu inapendeza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasafisha ukumbi wa mikutano Braamfontein. Mafundi walikuwa wanafunga vyombo vyao huku mimi nafuta viti, na hakuna anayeficha kitu mbele ya mtu wa usafi. Nikiona fundi anarudia jambo lile lile kila mara kabla ya shughuli, jioni naliandika kwenye shajara, chini ya tarehe. Anazima mtandao. Anaizuia kompyuta isijilaze. Anatenganisha skrini mbili, yake na ya watu, ili watu wasimwone akitafuta faili. Anaweka picha nyeusi mwanzoni na mwishoni. Sababu nilikuwa sizijui, niliandika tu. Siku fundi mmoja aliposhindwa kufika, meneja akauliza kama kuna yeyote anayejua kuanzisha ile mashine, nami nikainua mkono ukiwa bado na glavu ya mpira. Sababu nilikuja kuzielewa baadaye, moja moja, nyingine kwa aibu.

Aibu kubwa kuliko zote ni hii. Ulikuwa na miaka kumi. Ilikuwa harusi ya Wakongo, katika ukumbi mmoja wa Yeoville, na fundi wa sauti alikuwa Papa Kalala. Ndiyo, Papa Kalala huyu huyu anayekuita "chef", yaani bosi, na kukuuliza utaolewa lini. Bi harusi alilelewa na bibi yake huko Kalemie. Yule bibi hakuweza kusafiri, karatasi hana na nguvu hana, kwa hiyo ndugu walimrekodi kwa simu, dakika nne, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kitenge kipya, anatoa baraka. Bi harusi hakuambiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya siku.

Nilifika saa nne asubuhi. Nikahamisha faili zote kutoka kwenye flashi nikaziweka ndani ya kompyuta, maana flashi huguswa na kiwiko ikachomoka. Nikazipa namba. Nikajaribu sauti na Papa Kalala. Ikatoka safi, akaninyooshea dole gumba kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nikaandika kwenye orodha: sauti, sawa. Waya wa projekta, ambayo ilikuwa darini, sikuuchomeka wakati ule kwa sababu wapambaji walikuwa wameing'ang'ania ngazi wakitundika vitambaa vyao. Ngazi ilipatikana saa nane. Nikachomeka, picha ikatokea ukutani, nikaandika: picha, sawa.

Unajua kilichotokea. Ni kitu cha kwanza kabisa nilichokufundisha, sema sikukueleza nilikitoa wapi. Ukichomeka waya wa projekta, kompyuta hudhani imepata spika mpya na inahamishia sauti huko bila kukuuliza. Nilikuwa na alama mbili za sawa, na kila moja ilikuwa ya kweli nilipoiweka.

Mshereheshaji akamsimamisha bi harusi katikati ya ukumbi. Bibi akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. Bi harusi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bibi akaanza kusema na hakuna aliyesikia kitu. Midomo inakwenda, mkono unainuka kubariki, ukumbi kimya. Papa Kalala akapandisha sauti kwake mpaka spika zikaanza kunguruma. Mara mama mmoja aliyekaa chini kabisa ya projekta akapiga kelele, "Eh! Bibi iko nasemea huku juu! Ameingia ku dari!"

Watu wakacheka. Projekta ile ilikuwa na spika yake ndogo ndani, kama ya redio ya mfukoni, na bibi wa watu alikuwa anatoa baraka kupitia hapo kwa wale wamama sita wa meza ile tu.

Nilielewa papo hapo. Kurekebisha ni kubofya mara mbili, hata pumzi moja haiishi. Lakini mwandalizi wa harusi, bwana mmoja wa suti ya kijivu, alikuwa ameshafika mezani kwangu. "Nini hii, mama? Nini hii?" Mdomo wangu ukautangulia mkono. Nikasema, "Waya wake wa sauti," nikamnyooshea kidole Papa Kalala.

Sasa fikiria pale nilipokuwa. Nikibofya, sauti inarudi, na kila mtu anaona imerudi kutoka kwangu. Kwa hiyo sikubofya. Niliiacha video iishe bila sauti, dakika nne nzima, ili uongo wangu usimame. Wale wamama sita walimwendea bi harusi kumweleza bibi kasema nini, kila mmoja na lake, wakaanza kubishana mbele yake. Yule binti alilia na kucheka kwa pamoja. Papa Kalala alikuwa amepiga magoti chini ya meza yake anachomoa waya mmoja baada ya mwingine, anaufuta kwa shati, anaurudisha. Jasho lilikuwa linamtoka. Aliniangalia mara moja tu.

Nilipofika nyumbani niliandika: "Harusi Yeoville. Sauti ilikorofisha." Shajara ya miaka yote, Lindiwe, na siku ile nikaandika maneno manne kama mtu anayeogopa kusomwa na polisi.

Yule bwana wa suti alikuwa amemwahidi Papa Kalala harusi zake zote za msimu ule. Hakumwita tena. Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Randburg kununua waya, nikamkuta kwenye lango la maduka amevaa sare ya ulinzi, iliyompwaya mabegani. Nilizunguka nikaingilia mlango wa nyuma. Nilifanya hivyo mara tatu. Duka la waya zuri lilikuwa lile, na mimi mama yako nilikuwa nalizunguka kama mwizi.

Mara ya nne nilikwenda moja kwa moja langoni. Sitajisifu kwamba nilipata ujasiri; nilichoka tu. Nikamwambia, "Papa Kalala, ile siku ya harusi waya wako haukuwa na kosa. Ilikuwa mimi."

"Minajua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Nilifika nyumba nikapima fil yangu, ile waya, iko muzuri. Na ile mama wa chini ya projekta, nilimusikia. Mi si kiziwi, Mama Lindi. Kusikia njo kazi yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini na weye njo ulikuwa unajua? Nilikuwa nakungojea." Akahesabu kwa vidole. "Bon. Miezi nane! Ata makaratasi yangu ya kuishi huku haikukawia vile."

Nilicheka, na nilipomaliza kucheka nikalia pale langoni, watu wanapita na matoroli yao. Akanipa kiti chake cha ulinzi nikae. Nikampigia simu yule mwandalizi pale pale, mbele yake, nikamweleza yote. Aliniuliza kama nimekunywa. Msimu uliofuata Papa Kalala aliitwa tena, mimi sikuitwa, na sikuwa na la kulalamika. Video ya bibi niliipeleka kwa bi harusi kwa mkono wangu, nikaweka sauti mwenyewe, nikakaa naye mpaka ikaisha. Wamama wote sita walikuwa wamekosea. Bibi alikuwa amemwambia asimpikie mume wake ugali mlaini.

Kwa hiyo ulipoanza kukaa nami kwenye meza ya video nilikufundisha kitu kimoja kabla ya waya na kabla ya faili: ukikosea, sema ni wewe, sema dakika hiyo hiyo. Na wewe ukakishika kuliko mimi. Nakumbuka ile hafla ya zawadi kule Sandton, ulipoanzisha video ya mgeni rasmi wakati anaitwa mfanyakazi bora. Kabla sijageuza shingo nikakusikia kwenye spika ya sikioni, sauti imetulia kabisa: "Ni mimi, narudisha." Ukarudisha picha nyeusi, ukaweka sahihi, kwisha. Nilikaa pembeni yako nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza ili usiuone uso wangu. Nilikuwa na furaha kubwa mno.

Sasa nafika.

Jumatatu ile, wewe ulikuwa umekwenda kwa daktari wa meno. Mimi niliwasha mtandao kwenye kompyuta ya kazi, ambao huwa hatuuwashi, ili nishushe picha za msiba za yule mteja wa Alexandra. Ulikuwa umeacha barua zako wazi. Sikuzitafuta. Ile ya Cape Town iliingia nikiwa naangalia, ikakaa juu ya zote, na nikaifungua. Ilisema wamekuchagua wewe, uendeshe video kwenye ukumbi wao wa michezo ya kuigiza, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa mchana.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikafunga ukurasa, nikazima mtandao, nikaendelea na picha za msiba. Jioni niliandika: "Mvua. Picha za msiba zimeshuka zote."

Jumanne ukaniuliza, "Mama, hawa watu wamenyamaza, eish. Unadhani wamenikataa?" Nikasema, "Watajibu tu." Jumatano tulikuwa na kazi. Ulipanda ngazi, ukashuka, ukajaribu sauti baada ya waya kuchomekwa, kama inavyotakiwa, nami nikawa nakutazama na kujiuliza ni nani atashika ngazi ukiondoka. Cape Town siiogopi. Mimi niliondoka Morogoro nikiwa mdogo kuliko wewe, nikamfuata baba yako kwenye nchi ambayo nilijua jina lake tu. Niliogopa meza yenye kiti kimoja. Hiyo ndiyo sababu yote, na nikiiandika naona ni ndogo, lakini siku zile ilijaa nyumba.

Alhamisi jioni nilikuambia, "Hebu angalia barua zako." Sikusema zaidi. Ulipiga yowe hadi jirani akagonga ukuta. Ukawajibu hapo hapo na ukawaomba radhi, ukaandika kwamba mtandao wa nyumbani ulikuwa na shida. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikisoma. Miaka yote hii nimekufundisha usiusingizie waya, na pale ukausingizia mtandao kwa niaba yangu bila kujua. Wakajibu Ijumaa kwamba nafasi bado ni yako, ila walikuwa wameanza kumpigia mwingine.

Ningeweza kuishi na hilo, nadhani. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri. Ila usiku wa Ijumaa hiyo uliniuliza swali. "Mama, mbona nilipoikuta ile barua ilionyesha imeshafunguliwa? Ina maana niliiona Jumatatu nikaipita?" Nikasema, "Labda ulikuwa na haraka."

Basi ukaamini. Tangu siku hiyo nakuona. Unaangalia simu kila baada ya robo saa. Unarudi kukagua jiko ambalo umelizima mwenyewe. Na Jumamosi iliyopita, kwenye ubatizo, kidole chako kilikuwa juu ya kitufe, mshereheshaji ameshaita, na ukanigeukia ukaninong'oneza, "Mama, hii ni namba tano, si ndiyo? Una uhakika?" Ilikuwa namba tano, imeandikwa tano, kubwa, mbele yako. Hujawahi kuniuliza hivyo tangu ulipokuwa na miaka kumi na sita. Video ilichelewa kidogo na hakuna aliyegundua. Mimi niligundua.

Kule hakutakuwa na mama wa kumgeukia. Utakaa gizani mbele ya skrini mbili, watu mia kadhaa wametulia, na kazi yote itasimama juu ya jambo moja: kwamba ukiona tano, unajua umeona tano. Nimekuharibia hilo kwa sentensi moja ya uvivu. Kwa hiyo soma hapa polepole kuliko mahali pengine popote. Ile barua hukuiona. Hukuipita. Hukuwa na haraka. Haikuwa mpya tena kwa sababu niliifungua mimi, Jumatatu, saa tano asubuhi, nikakuficha. Macho yako hayana kasoro yoyote, wala kumbukumbu yako.

Sitaiweka barua hii kwenye begi. Nilifikiria hivyo, nakiri. Ningeisokomeza ndani ya taulo, ungeikuta umeshafika mbali na mimi ningekuwa huku salama. Nimeona huko ni kuzunguka mlango wa nyuma wa duka. Nitakupa mkononi ukirudi, uisomee hapa jikoni, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza. Baba yako hajui. Atasikia leo, pamoja nawe, na ninavyomjua atauliza maswali mengi na atakuwa upande wako. Kama unataka kunifokea, basi lako linaondoka Park Station kesho saa saba mchana, muda upo wa kutosha. Kama hutaki kusema na mimi mpaka kesho saa saba, nitakusindikiza nimebeba begi na sitaomba neno.

Kuhusu meza yenye kiti kimoja, usijali. Nimempigia Papa Kalala. Amesema kwenye harusi ya wiki ijayo yeye atashika ngazi na mimi nipande, kwa sharti kwamba nikikosea nisingoje miezi nane. Nimeshaandika orodha. Nimeona pia kwamba nina hamu na ile kazi, hamu ambayo sikuwa nayo tangu ulipokuwa unanifanyia sehemu ngumu zote.

Na jambo la mwisho. Nimewaandikia wale watu wa ukumbi, kwa Kiingereza changu cha fomu, mistari mitano: kwamba kuchelewa kulikuwa kwangu, kwamba mtandao haukuwa na shida, na kwamba binti yangu hajawahi kuchelewa kazini. Sijaituma. Jina ni lako na kazi ni yako, na nimeshagusa barua zako mara moja zaidi ya ninavyostahili. Iko kwenye kompyuta ya kazi, imefunguliwa. Isome. Ukiona inafaa, bonyeza wewe mwenyewe. Ukiona haifai, ifute, nami sitauliza. Kompyuta nimeiwasha, mtandao nimeuwasha. Nakusubiri tu urudi.

Mama yako anayekupenda,
Mama Lindi